Sungura wa Bi Mwanakombo na Nyasi za Kiangazi

Mpo?

— Tupo!

Wote?

— Wote, na aliyechelewa yuko njiani!

Nina neno kinywani.

— Lilete!

Lina uchungu kidogo.

— Tutalimeza hivyo hivyo!

Haya. Lakini mikono isisimame, hizo mbaazi hazitajichambua zenyewe. Na wewe Kibibi, ukizitafuna mbichi tumbo litakuuma, usije ukanililia mimi.

Hapo zamani, zamani ile ambayo mimi sikuwepo na nyinyi hamkuwepo, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha, paliishi sungura. Msiseme mnamjua. Yule mnayemjua ni binamu yake wa porini, mwenye maneno mengi, anayemdanganya simba asubuhi na fisi jioni. Huyu wangu alikuwa sungura wa kufugwa, jike, mweupe, wa nyumbani kwa Bi Mwanakombo, mwanamke mpole aliyekuwa akisuka mikeka. Na zamani hizo kufuga kulikuwa kupenda tu. Mtu akikufuga anakupapasa kichwa, anakuita jina zuri, basi. Chakula unajitafutia mwenyewe. Mambo ya kuletewa majani mlangoni yalikuja baadaye, baada ya wanyama kugoma.

Sungura huyu alikuwa na wasiwasi. Alikuwa na wasiwasi akiamka, alikuwa na wasiwasi akila, alikuwa na wasiwasi akiwa hana cha kumtia wasiwasi. Na msimcheke, maana alikuwa na sababu.

Tumbo la sungura si kama lako wewe, ukikosa chai unanuna, ukipata mchana unasahau. Tumbo la sungura ni mashine. Asubuhi linasaga guru-guru-guru. Mchana linasaga guru-guru-guru. Na kinachoiendesha mashine hiyo ni nyasi. Si mkate, si karoti, ni nyasi, ndefu, kavu, zenye nyuzi. Zikikosekana siku moja mashine inasimama, na ikisimama ni vigumu kuiwasha tena. Shangazi yake alikosa nyasi tangu alfajiri mpaka alasiri. Tumbo likasema guru... guru... kimya. Na shangazi mwenyewe akanyamaza. Sungura alikuwepo siku hiyo. Alikuwa mdogo, amelala, amelilalia tumbo lile lile.

Kwa hiyo kila mvua zilipokatika na majani ya kondeni yakaanza kunyauka, Sungura alijisikiliza tumbo. Guru-guru? Guru-guru. Alhamdulillahi. Anapiga hatua tatu, anajisikiliza tena.

Sasa boma la pili aliishi Fahali. Fahali alikuwa mkubwa, alikuwa na nguvu, na alikuwa mroho, na vitu hivyo vitatu vikikutana katika ngozi moja, jirani huna raha. Kila mwisho wa mvua wanyama wote wa kufugwa walipanda mlimani kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja. Walikata nyasi, wakaanika, wakafunga matita, kisha wakagawana za kiangazi. Fahali ndiye aliyeyavuta matita mpaka chini. Na desturi yao ilikuwa hiyo: aliyevuta anachagua kwanza, jirani anayegawana naye anachukua kilichobaki.

Lakini Fahali, nguvu zote zile, hakujua nyasi. Alikuwa akila hata kamba aliyofungiwa. Alijua mambo mawili tu. La kwanza, pua ya sungura inazijua nyasi kuliko pua zote. La pili, dunia nzima inalijua, sungura hasemi kweli. Basi akapiga hesabu yake, akaipenda sana. "Nitamwuliza Sungura," alisema, "halafu nitafanya kinyume."

Nina neno kinywani.

— Lilete!

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Siku ya mgao wa kwanza, nyasi zilipangwa mafungu mawili. Fungu la mlimani lilikatwa masuke yakiwa ndiyo kwanza yanachungulia, likaanikwa, likageuzwa, likaanikwa tena. Lilikuwa na majani mengi, rangi yake bado kijani, na ukilisogelea linanukia kama mchaichai. Fungu la bondeni lilichelewa kukatwa. Lilikuwa mabua matupu, manjano, magumu, na ukilipiga kofi linatoa vumbi, puu!

Sungura alikuwa na jirani mwingine, Kanga, ndege wa madoadoa, shoga yake wa siku nyingi. Kanga hana kifua, neno likiingia kwake linatoka hapo hapo. Akamnong'oneza, na mnong'ono wa kanga unasikika mtaa wa tatu.

"Shoga, akikuuliza mdanganye! Ukoo wako wote unaishi kwa hilo."

"Mimi sijui kudanganya vizuri," alisema Sungura.

"Utajifunza leo."

Fahali akaja, ndu, ndu, ndu. Akasimama mbele ya mafungu. "Bi Sungura! Mjuzi wetu! Lipi zuri hapa?"

Moyo wa Sungura ukapiga tu-tu-tu-tu. "La... la bondeni, Bwana Fahali. Hilo la mlimani lina uchungu."

Fahali alicheka mpaka nundu ikatikisika. "Kumbe ni la mlimani!" Akalibeba lote, hakuacha hata unyasi mmoja wa kuchokolea meno.

Sungura akaburuta mabua yake mpaka nyumbani. Akala, vumbi likaingia puani: chya! chya! chya! Akala tena, mabua yakamchoma ufizi. Akaanza kula kidogo kidogo. Na tumbo nalo likaanza kusaga kidogo kidogo. Guru-guru... guru... guru...

Bi Mwanakombo aliacha mkeka wake, akamweka mapajani, akatega sikio ubavuni. "Mwanangu, mbona humu ndani kimya?"

"Nimechoka tu, Mama," alisema Sungura.

Hata uongo huo mdogo haukuaminika. Bi Mwanakombo akaenda jikoni kwa haraka, akarudi na mahamri. Sungura akageuza uso. Akaleta tende. Sungura akageuza uso. Akaleta wali wa nazi, bado unatoa moshi, na macho yake yenyewe yamejaa machozi. Jamani, vitu vitamu na vya mafuta ndivyo vinavyoifunga ile mashine haraka zaidi, lakini nani angemwambia? Mama wa watu alikuwa anapenda kwa njia aliyoijua. Sungura alimtazama akaona huruma, akaona na hofu, maana mapenzi yale yangeweza kumwua kabla ya njaa.

Akajikunyata pembeni, akafikiri. Kati ya kufikiri na kufikiri alipiga chafya. "Nimedanganya kuhusu nyasi, sikuaminika. Chya! Nimedanganya kuhusu tumbo, sikuaminika. Chya! Sasa kimebaki nini ambacho sijakijaribu?"

Wazo likamjia. Lilikuwa wazo la kutisha, manyoya yakamsimama mgongo mzima.

Kweli.

Angesema kweli. Angeisema yote, bila kuficha, na Fahali asingeamini hata chembe, akafanya kinyume. Lakini je, akiamini? Siku moja tu, kwa bahati mbaya, mtu akamwamini sungura? Basi hapo ndipo mwisho. Mgao ulikuwa umebaki mmoja. Na baada ya huo ni jua tu mpaka masika.

Tangu wakati huo mpaka siku ya mgao Sungura hakutulia. Alizunguka banda, akatoka, akarudi, akasahau alichotokea, akatoka tena. 

Siku ikafika. Upande mmoja yalikuwa matita saba manene, meusi kwa ukijani, yanang'aa, mazito hata Fahali alihema kuyavuta. Yalikatwa jana yake asubuhi na umande wake, yakafungwa pale pale bila kuona jua. Upande wa pili palikuwa na matita saba pia, membamba, mepesi, rangi imefifia kidogo kwa jua la siku tatu. Ukiyatikisa yanasema chwe-chwe-chwe. Mtu asiyejua angesema hayo ni ya kufagilia.

Ndu, ndu, ndu. "Bi Sungura! Mjuzi wetu! Yapi mazuri hapa?"

Sungura akameza mate. "Membamba, Bwana Fahali."

"Membamba?"

"Membamba. Yamekauka mpaka ndani. Yana majani, yana harufu nzuri, hayana vumbi."

"Na haya manene?"

"Hayo yana maji. Uzito wote huo ni umande. Tia pua katikati uone, joto limeshaanza. Wiki mbili hazipiti yataota ukungu, na mwenye kula ukungu anakohoa mpaka mbavu zinamwuma. Mimi ningekuwa wewe ningechukua membamba."

Fahali alimtazama Sungura. Akayatazama matita membamba. Akasogea hatua moja kuyaendea, ndu. Akainamisha pua, akanusa, fuu, na harufu nzuri ikaingia kwenye lile pua kubwa. Akasogea hatua ya pili, ndu.

Sungura akafumba macho. Masharubu yakamtetemeka ti-ti-ti-ti, masikio yakatetemeka. Akamwona shangazi yake.

"We, mbona unatetemeka?" Fahali akauliza.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli, hakujua pa kuishia. "Naogopa utaniamini."

Fahali akakaa chini kufikiri. Fahali akikaa kufikiri, nyinyi sogeeni mbali. "Anasema anaogopa nitamwamini," alijisemea, kwa sauti, kila mtu akisikia. "Anasema hivyo ili nimhurumie, nimwamini. Na anatetemeka kwa sababu mwongo hutetemeka. Mimi? Mimi wa kudanganywa na kitu chenye mkia wa pamba?" Akainuka, akayakumbatia matita manene yote saba, akayavuta kwake huku jasho linamtiririka. Njiani aliwaambia watu wote jinsi alivyomzidi Sungura akili.

Sungura alibaki na membamba. Hakushangilia. Alianza kuyahesabu, moja moja.

Nina neno kinywani.

— Lilete!

Sasa kupata nyasi ni jambo moja, kuzitunza ni lingine, na msimu wa kiangazi ni mrefu. Kesho yake asubuhi Fahali akaja kuchungulia. Akamkuta Sungura ana fito mbili na kamba, anajaribu kutengeneza uchanja ndani ya banda, juu juu, karibu na paa.

"Unafanya nini?"

Tu-tu-tu-tu. "Natengeneza mahali pa kuwekea nyasi, Bwana Fahali."

"Zinawekwaje?" Fahali akauliza, na jicho moja akalifumba, kama mtu anayejua kila kitu.

"Zinawekwa juu, hewa ipite chini yake. Ardhi ina unyevu, ukiziweka chini zinaunyonya. Paa lisivuje. Jua lisizipige, zitapauka na harufu itaondoka. Usizishindilie, ziache zipumue. Usizifunike nailoni, maana zitatoka jasho. Ukitaka kuzifunika, gunia linatosha. Na kila baada ya siku chache unazinusa. Zikinuka kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni, hizo si chakula tena."

Alisema yote. Hakuacha kitu. Na alipomaliza alihisi kama ametoa kila kitu kilichomo nyumbani akakiweka barabarani.

Fahali akasema, "Ahaa." Akaenda zake. Akaanza kufanya kinyume, jambo kwa jambo. Akamwaga nyasi chini, ardhini, pale penye kivuli chenye unyevu. Akazipanda, akazishindilia kwa kwato, ndu-ndu-ndu-ndu, mpaka zikawa kama ukuta. Akatafuta nailoni.

Hapo Kanga akapita. Kanga, jamani! Alikuwa kwenye ua wa Sungura wakati wa maneno yale, akayasikia yote, na kama nilivyosema hana kifua. "Bwana Fahali!" akapiga kelele. "Unaharibu! Sungura amekwambia kweli leo! Nimeona kwa macho yangu, na yeye anafanya vile vile alivyokwambia!"

Fahali akasimama, nailoni mdomoni. Kanga si sungura. Kanga ni mpayukaji lakini hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Fahali akaweka nailoni chini. Akaenda kichakani, akakata fito. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Sungura aliiona ile fito ya nne ikianguka akataka kuzimia. Si kwamba alimwonea Fahali choyo kwa nyasi zake. Alijua kwamba Fahali akijua kuwa anaambiwa kweli, basi kuanzia hapo kila akiuliza ataamini. Atauliza zimebaki ngapi, ataambiwa. Atauliza ziko wapi, ataambiwa. Na mroho akishajua, jirani anakula vumbi.

Akatoka mbio, akasimama mbele ya Fahali, hofu ameisahau, ana silaha ile ile moja, kweli. "Bwana Fahali, Kanga anasema kweli! Haki ya Mungu! Naapa kwa masikio yangu yote mawili! Nimekwambia kweli tupu, msikilize Kanga!"

Fahali akatazama Kanga. Akatazama Sungura. "Unaapa?"

"Naapa!"

"Mpaka kuapa!" Fahali akasema. "Kumbe mmepanga, wewe na shoga yako." Akazitupa zile fito nne uani. Akarudi kwenye nyasi zake, akazifunika nailoni, akaikandamiza pembeni kwa mawe, hewa isipate hata tundu. Tena akapata na sababu. "Ndizi mbichi zinavundikwaje?" akamwuliza Kanga. "Si unazifunika, unazibana, zinapata joto, zinakuwa tamu? Basi na nyasi ni hivyo hivyo. Zangu zitaiva."

Kanga akaenda kuwasimulia mtaa wa tatu.

Zile fito nne Sungura aliziokota, akamalizia uchanja wake.

Siku zikaenda. Jua likawaka. Kila asubuhi Sungura alishusha fungu moja la nyasi, ukubwa wake sawa na mwili wake mwenyewe, si zaidi, si pungufu. Akala, chwe-chwe-chwe. Tumbo likajibu, guru-guru-guru. Bi Mwanakombo alitega sikio ubavuni, akacheka peke yake, akaendelea kusuka. Sungura yeye alihesabu mafungu yaliyobaki. Akayahesabu tena, kwa sababu labda mara ya kwanza alikosea.

Na kwa Fahali? Siku ya tano nailoni ilikuwa imetoka jasho kwa ndani. Fahali akasema, "Zinaiva." Siku ya kumi ukiweka mguu juu yake unahisi joto. Fahali akasema, "Zinaiva sana." Siku ya kumi na tano akaona njaa, akasema sasa zimeiva. Akayatoa mawe, akavuta nailoni.

Fuuuuu!

Mvuke ukampiga usoni. Nyasi zilikuwa nyeusi, zimeshikamana, zina manyoya meupe ya ukungu, na harufu yake ilimtoa nzi aliyekuwa amelala boma la tatu. Mroho ni mroho, akala hivyo hivyo. Akakohoa. Hou! Hou! Hou! Akakohoa siku mbili mbavu zikamwuma. Zile za kwanza, nzuri za mlimani, alikuwa amezimaliza zote katika wiki ya kwanza, maana aliona hakuna haja ya kuweka akiba wakati kuna nyingine.

Basi siku moja saa sita mchana, jua kali, Sungura akiwa bandani, mlango ukaingia giza. Fahali alikuwa amesimama, ameuziba wote. Mbavu zake zilihesabika. Hakumwita Bi Sungura, hakumwita mjuzi.

"Nyasi ziko wapi?"

Bi Mwanakombo alikuwa kisimani, mbali. Kanga hakuwepo. Palikuwa na Sungura, na pembe mbili, na uchanja juu ya kichwa cha Fahali, umejaa nyasi, karibu kiasi kwamba angenyanyua tu shingo angezifikia.

Na Sungura, watoto wangu, ulimi ulimwasha. Kila mfupa mwilini ulimwambia: danganya! Sema ziko mtoni, sema zimeungua, sema zimeibwa! Alifungua mdomo aseme hivyo. Halafu akakumbuka mgao wa kwanza. Kama angesema mtoni, Fahali angesema "kumbe ziko hapa," na angeinua kichwa.

"Ziko juu yako," alisema Sungura, sauti haitoki vizuri. "Hapo juu ya kichwa chako. Kwenye uchanja. Zimebaki matita manne."

Fahali hakuinua kichwa. Akamkodolea macho. Na wakati ule ule, sijui ni upepo, sijui ni panya, unyasi mmoja ukateleza kutoka juu, ukaja polepole, ukamwangukia Fahali katikati ya pua.

Fahali akautazama, macho yakakutana. Akauramba. Ulikuwa mtamu.

Tumbo la Sungura lilinyamaza kabisa.

"Na huu umetoka wapi?" akauliza Fahali, taratibu.

"Umetoka juu," alisema Sungura, na sasa alikuwa analia. "Si nimekwambia? Ziko juu. Inua kichwa tu."

Fahali akavuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikachanganyika na kikohozi. "Hou! Umeutega huo unyasi mmoja ili nibomoe paa nihangaike bure! Hou! Mimi niinue kichwa, wewe ukimbie ukazihamishe! Sungura gani atamwonyesha mtu nyasi zake? Tena kwa machozi!" Akageuka, mlango ukapata mwanga. Kisha akageuka tena. "Hazipo juu. Basi ziko chini. Umezifukia!"

"Hapana!" alisema Sungura. "Chini hakuna kitu! Nakuomba usichimbe, Bwana Fahali, na njaa hiyo utajichosha bure!"

Ndivyo Fahali alivyoanza kuchimba.

Alichimba uani kwa Bi Mwanakombo, kwa pembe na kwa kwato. Alichimba jana, alichimba leo, alichimba kesho. Akiona mizizi anasema nimekaribia, akiona mawe anasema ameziba njia. Akichoka aliguguna majani makavu ya mgomba, akarudi shimoni. Kila siku Sungura alitoka mlangoni akamwambia kweli: "Hamna kitu humo, Bwana Fahali." Na kila siku Fahali aliongeza mkono mmoja wa kina. Sungura alirudi ndani, akashusha fungu lake, akala, akimsikia anavyogonga. Alipata nafuu ya tumbo. Nafuu ya moyo hakuipata, maana shimo lile lilikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni.

Siku ambayo uchanja ulibaki na fungu moja la mwisho, Fahali aligonga jiwe, na chini ya jiwe pakatoka maji. Chemchemi! Yakapanda, yakamwagika, yakaenea uani. Siku chache baadaye, kandokando ya shimo, nyasi mbichi zikachipua, laini, kijani, mtu asiyejua angedhani zimepakwa rangi. Fahali akaanza kula. Akala upande wake, Sungura akala upande wake, na Bi Mwanakombo akapata kisima mlangoni pake, akashukuru bila kujua amshukuru nani.

Na Fahali, mdomo umejaa, alimwita Kanga aje ashuhudie. "Unaona?" alisema. "Si nilisema amezificha ardhini? Sungura ni mwongo mpaka mwisho!"

Ndiyo maana hata leo, ukimfuga sungura, ukampa nyasi bora, safi, zilizokaa juu penye hewa, utaona anakula huku pua inamtetemeka, haitulii hata dakika moja. Anahofia siku moja Fahali atakaa chini, atafikiri, na atafikiri sawasawa.

Haya, funzo la hadithi hii. Watoto wazuri hawasemi uongo. Semeni kweli, kila mahali, kwa kila mtu.

Nini, Kibibi? Sema, usinung'unike.

Ati Fahali aliponzwa na kweli? Ati angedanganywa angeshiba? Sasa na wewe uliyekaa hapo muda wote umesikia nini? Ndivyo ninavyowaambia! Uongo ni wa wavivu. Ukitaka kummaliza mtu kabisa, mwambie kweli, mtazame machoni, na ulie kidogo.

Mimi nimefika kwangu.

— Nasi tumefika kwetu!

Mlango?

— Tumeufunga!

Na aliyebaki nje?

— Ajisimulie mwenyewe!